Dirisha la kumbukumbu limevimba na jina la familia linafutika: tuanzie wapi?

Swali: Mimi ni katibu wa kamati ya majengo ya kanisa letu. Tuna dirisha la vioo vya rangi lililotolewa zamani kwa kumbukumbu ya familia moja. Sehemu ya chini imevimba kuelekea ndani, na mstari wenye jina la familia umefifia hadi herufi nyingine hazisomeki. Wajukuu wamejitokeza. Wanataka lisafishwe, jina liandikwe upya, na jina la bibi yao liongezwe. Fundi wa vioo vya kawaida anasema ni kazi ya siku mbili. Tukubali? Na tutajuaje jina lilikuwa limeandikwaje?

Jibu: Ndugu Katibu, msikubali bado. Siku mbili zinamtosha fundi asiyezoea kazi hii kulifuta kabisa jina mnalotaka kulinusuru. Hatakuwa amekusudia ubaya wowote. Atakuwa ametumia maji, sabuni na kitambaa kama afanyavyo kwenye dirisha lolote.

Jina hilo halimo ndani ya kioo. Buluu na nyekundu za dirisha la namna hii ni rangi za kioo chenyewe: kobalti iliyoyeyushwa pamoja na mchanga hutoa buluu, shaba hutoa nyekundu au kijani kutegemea hali ya moto wa tanuri. Lakini nyuso, mikunjo ya nguo na herufi huchorwa juu ya kioo kwa rangi nyeusi au ya kahawia, yaani oksidi ya chuma au ya shaba iliyochanganywa na unga wa kioo kinachoyeyuka upesi. Kisha kioo huchomwa kwenye tanuri, kwa joto la nyuzi 600 hadi 680 za selsiasi hivi, ili unga huo uyeyuke na kushika. Ukiiva vizuri hudumu karne nyingi. Usipoiva, hubaki kama vumbi lililogandia. Uingereza ina mfano mbaya wa miaka ya 1860 na 1870, karakana zilipotia boraksi ndani ya rangi ili iive kwa joto dogo. Boraksi haivumilii maji, na leo madirisha mengi ya wakati ule yana watakatifu wasio na sura.

Tena, maandishi ya madirisha haya mara nyingi hayaandikwi kwa kuongeza wino. Fundi hupaka utepe mzima wa kioo rangi nyeusi, akasubiri ikauke, kisha akazichokoa herufi kwa kijiti au sindano kabla ya kuchoma, ili mwanga upite kwenye herufi pekee. Kwa hiyo kwenye utepe wa aina hiyo kinachopotea si herufi, ni giza lililozizunguka. Likianguka, mwanga hupita kila mahali na jina linamezwa. Angalieni kwenu ni aina ipi, kwa maana njia ya kulisoma jina inategemea hilo.

Angalieni pia jina limewekwa wapi. Kwa kawaida huwa chini kabisa, ili aliyesimama sakafuni aweze kulisoma, na hapo ndipo maji yanapoishia. Usiku kioo kikipoa, unyevu wa ndani ya kanisa hugeuka matone, matone huteremka, na mstari wa mwisho hulowa hata pale juu pakiwa pakavu. Hapo ndipo watu huweka maua na mishumaa, hapo ndipo mikono inapofika, na hapo ndipo uzito wa paneli za juu, yaani vile vipande vikubwa vinavyoliunda dirisha, huangukia iwapo nondo za kulishikilia dirisha zimeacha kazi. Kuvimba na kufifia mnakokuona ni ugonjwa mmoja wenye dalili mbili.

Kabla ya fundi yeyote kugusa, ondoeni maua na mishumaa kwenye kizingiti cha dirisha, kisha mchunguze vumbi lililotua hapo. Chembe nyeusi au za kahawia zinazofanana na magamba membamba huenda ni rangi inayoanguka. Unga mweupe kwenye kanda za risasi, ile metali laini ya kijivu inayoshika vipande vya kioo, ni risasi iliyooza kwa asidi na unyevu. Wekundu wa kahawia ni kutu ya nondo. Chembe za rangi ziwekeni kwenye bahasha yenye tarehe na mahali zilipookotwa. Msifagie kizingiti kwa ufagio mkavu, kwa sababu vumbi la risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Pangusieni kitambaa chenye unyevu, mvae glavu, mnawe kabla ya kula. Mkiwa hapo, tazameni kama chini ya dirisha kuna mfereji mdogo au tundu la kutolea maji nje. Mara nyingi limezibwa kwa puti au rangi ya ukuta na mtu aliyedhani ni ufa. Kulizibua kwa kijiti cha mti ni kazi ya dakika chache, na huenda ikalifaa dirisha kuliko jambo lolote mtakalolifanya mwaka huu.

Halafu pigeni picha, si moja wala mbili. Chagueni siku ya mawingu, maana jua kali hufanya vioo vyeupe vimemete kiasi cha kufuta vioo jirani. Zimeni taa za ndani na flashi ya kamera. Wekeni kamera kwenye stendi, ilingane na kimo cha paneli mnayoipiga, na mrudie kila paneli kwa viwango vitatu vya mwanga: kimoja cha vioo vyeusi, kimoja cha kati, kimoja cha vioo vyeupe. Kipigeni kila kipande cha maandishi peke yake, rula ikiwa kando. Kisha rudieni kwa upande wa nje.

Picha za kulisoma jina hupigwa kwa njia tofauti. Rangi iliyokaa juu ya kioo kwa miaka mingi huacha alama hata ikianguka, kwa sababu sehemu iliyofunikwa na sehemu iliyokuwa wazi hazikuchakaa sawa. Alama hiyo haionekani mwanga ukitokea nyuma. Usiku, au dirisha likiwa limezibwa kwa nje kwa kitambaa cheusi kisichogusa kioo, washeni tochi yenye mwanga mkali na muilaze karibu ilingane na uso wa kioo, ili mwanga uparaze juu yake. Isogezeni polepole, kwanza kutoka kushoto, kisha kulia, kisha juu. Herufi huibuka kama mng'ao hafifu au ukungu, na huenda kila upande wa mwanga ukaonyesha vipande tofauti vya herufi ileile. Pigeni picha kila hatua, mzilinganishe baadaye kwenye kompyuta mkiongeza utofauti wa weusi na weupe. Kishawishi kikubwa hapa ni kupitisha kidole au penseli juu ya herufi ili kuisikia. Msifanye hivyo. Kuweka karatasi na kusugua ili kupata nakala ya maandishi, kama wafanyavyo watu kwenye mawe ya makaburi, ni kulimaliza jina.

Herufi mkizipata, msikimbilie kuzijaza zinazokosekana kwa kubahatisha. Andikeni mlichokiona, na pengo mliache pengo. Maneno ya kumbukumbu yana desturi zake: "Kwa utukufu wa Mungu na kumbukumbu ya", au kwa Kilatini "In memoriam", au herufi A.M.D.G., ufupisho wa maneno ya Kilatini yenye maana ya "kwa utukufu mkubwa zaidi wa Mungu". Tenganisheni mambo matatu ambayo wajukuu huyachanganya: anayekumbukwa, aliyetoa dirisha, na mwaka. Jina kubwa laweza kuwa la marehemu, na lile dogo pembeni la mjane wake, la ndugu zake au la waumini waliochanga. Mwaka ulioandikwa kwa kawaida ni wa kifo, si wa dirisha.

Dirisha la mashariki la kanisa la Tudeley, Kent, Uingereza, linaonyesha vizuri tofauti hiyo. Sarah d'Avigdor-Goldsmid alizama baharini mwaka 1963 akiwa na miaka 21. Wazazi wake walimwomba mchoraji Marc Chagall awachoree dirisha la kumbukumbu, nalo likawekwa mwaka 1967. Sehemu ya chini ni mawimbi na msichana aliyemezwa nayo, na juu yuko Kristo msalabani. Baadaye Chagall aliendelea hadi madirisha yote 12 ya kanisa hilo, ya mwisho yakawekwa mwaka 1985. Mtu akiusoma mwaka wa kifo kana kwamba ndio mwaka wa dirisha, tayari amekosea kwa miaka 4, na hata daftari la kanisa atalitafuta kwenye kurasa zisizo zake.

Picha zenyewe nazo husema jambo kuhusu familia, mradi msizilazimishe. Mara nyingi waliotoa walimchagua mtakatifu mwenye jina la marehemu wao: mwanamke mwenye gurudumu ni Katarina, mwanamume mwenye ufunguo ni Petro. Luka huwekwa kwa tabibu, Sesilia kwa mpiga kinanda au mwimbaji, Dorkasi kwa mwanamke aliyesaidia maskini, Mikaeli au Georgi kwa askari. Yesu akiwapokea watoto wadogo huenda ni kumbukumbu ya mtoto aliyefariki. Kama kuna ngao ya ukoo iliyogawanywa katikati kutoka juu hadi chini, kwa kanuni za Ulaya upande wa kushoto wa mtazamaji ni wa mume na wa kulia ni wa mke. Ngao yenye umbo la almasi ni ya mwanamke. Kuweni waangalifu hapa: dirisha lililowahi kufunguliwa na kurudishwa linaweza kuwa na paneli zilizogeuzwa, ngao ikaonekana kinyume. Dalili ni rangi ya kuchora kuwa upande wa nje. Madoa ya manjano ni kinyume chake, kwa sababu yanatokana na misombo ya fedha iliyopakwa nyuma ya kioo, hivyo hayo yakionekana nje yako mahali pake.

Tafuteni pia alama ya karakana, kwa kawaida kwenye kona ya chini kulia au kushoto, ndogo kuliko ukucha wakati mwingine. Kwa mfano, miongoni mwa watengenezaji wa madirisha wa Uingereza, Charles Eamer Kempe alitumia mganda wa ngano. Ninian Comper aliweka stroberi. James Powell na wanawe walikuja kutumia mtawa mdogo mwenye joho jeupe. Alama ikipatikana, fungu la barua na michoro ya karakana hiyo huenda lipo kwenye nyaraka za umma, na humo mkapata maneno kamili ya jina kama mteja alivyoyaagiza. Hapo pengo la herufi mnaweza kulijaza bila kubahatisha.

Kwa upande wa kanisa, anzeni na mihutasari ya kamati, maana kupokea dirisha ni jambo lililohitaji kibali, halafu daftari la hesabu, halafu rejista za ubatizo, ndoa na maziko. Makaburi ya familia yatawapa tahajia ya jina, ingawa jiwe na dirisha huweza kutofautiana. Waulizeni wajukuu picha za harusi na ubatizo zilizopigwa ndani ya kanisa. Nyuma ya bibi harusi mara nyingi dirisha lipo, likiwa bado na herufi zake zote. Kama kipimo cha dirisha hakilingani na uwazi wa ukuta, au pambo la pembeni limekatwa katikati ya ua, shukuni kwamba lilihamishwa kutoka jengo jingine, na familia hiyo muitafute kwenye rejista za kule.

Sasa uvimbe. Vipande vya kioo hushikwa na kanda za risasi ambazo ukizikata zina umbo la herufi H iliyolala, zikaunganishwa kwa lehemu kila zinapokutana, na nafasi kati ya kioo na ukanda ikajazwa puti ya unga wa chaki na mafuta ya kitani. Kila paneli hufungwa kwa waya za shaba kwenye nondo zilizopita kwa mlalo. Risasi ni laini na huchoka kwa kutanuka na kusinyaa kila siku. Kanda nyingi huhitaji kubadilishwa baada ya miaka 80 hadi 150 hivi. Lakini uchakavu wa risasi si sababu pekee, na mara nyingi si ya kwanza. Tazameni waya: zikikatika au lehemu yake ikiachia, paneli haina wa kuishika. Tazameni nondo: chuma kikiota kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe, kikapasua jiwe na kubana fremu. Tazameni pia kama mtu aliwahi kujaza saruji ngumu kuzunguka dirisha, likakosa pa kutanukia, likaenda ndani.

Pimeni kwa uzi. Uvuteni wima mbele ya paneli kutoka ukingo hadi ukingo bila kuigusa, mpime umbali wa pale palipotokeza zaidi, muandike tarehe, mrudie baada ya miezi 6. Marekani wahifadhi wengi, yaani mafundi waliosomea kutunza vitu vya kale, hawaling'oi dirisha kwa sababu ya uvimbe usiozidi takriban milimita 38 iwapo limetulia. Hilo "iwapo" ndilo lenye uzito. Uvimbe wa milimita 20 unaoongezeka, wenye kioo kilichopasuka au kilichochomoka kwenye ukanda, ni wa haraka kuliko wa 40 uliokaa vilevile miaka mingi. Kama nondo ni imara na ni waya tu zilizokatika, kufunga waya mpya kunaweza kutosha. Kuusukuma uvimbe urudi kwa mkono au kwa ubao dirisha likiwa limesimama ni kuvunja vioo, hata fundi akiahidi vinginevyo.

Ikilazimu paneli ishushwe, kazi ya kweli inakwenda hivi. Rangi inayoanguka hutulizwa kwanza na mhifadhi, mahali pale pale. Paneli hutolewa ikiwa imeegemezwa kwenye ubao. Mezani huchukuliwa nakala ya mistari ya risasi kwa karatasi na nta, kila kipande kikapewa namba kwenye nakala, na vioo hulazwa kwa mpangilio huo. Baada ya kanda mpya za vipimo vilevile na lehemu, puti husukumwa chini ya kanda na paneli hulazwa siku kadhaa ikauke. Hapo ndipo majina mengine yalipopotelea: puti husukumwa kwa brashi ngumu, ziada ikasuguliwa kwa chaki na brashi hiyohiyo, na vyote hupita juu ya maandishi. Andikeni kwenye mkataba kwamba vipande vyenye rangi dhaifu havipigwi brashi. Andikeni pia kwamba kanda kuukuu hazitupwi kabla ya kukaguliwa, kwa sababu mafundi wa zamani walikuwa na tabia ya kukwaruza majina na tarehe zao kwenye risasi au kwenye ukingo wa kioo unaofichwa na ukanda.

Usafishaji ninaoukubali kwa kamati isiyo na mhifadhi ni mfupi: kutoa utando wa buibui kwa brashi laini sana kwenye vioo visivyo na mchoro wowote, basi. Mhifadhi hutumia pamba iliyoloweshwa kidogo kwa maji yaliyokenekwa, akajaribu kwanza eneo la sentimita moja chini ya lenzi ya mara 10, akitazama kama pamba inarudi na weusi. Sabuni ya vyombo, amonia, siki, dawa za kung'arisha madirisha na pamba ya chuma vyote havifai. Ikiwa dirisha lenu lina kioo chenye mawingumawingu kama maziwa, chenye tabaka mbili tatu zilizopandana, mtindo walioukuza John La Farge na Louis Comfort Tiffany Marekani kuanzia karibu 1880, uchafu mnaouona umo katikati ya tabaka na hakuna kitambaa kitakachoufikia.

Ufa kwenye kioo usizibwe kwa silikoni ya dukani. Ile inayonuka siki inapokauka hutoa asidi ya asetiki, na asidi hiyo hugeuza risasi kuwa ule unga mweupe. Gundi ya papo kwa papo nayo huachia na kubadilika rangi. Wahifadhi huunga kingo kwa epoksi nyepesi na angavu, isiyoongeza mstari wa risasi kukatiza uso wa mtu.

Kuandika jina upya juu ya kioo cha zamani, hapana. Rangi isiyochomwa haidumu, na kukirudisha kioo kikuukuu kwenye tanuri ni kukihatarisha kipasuke na kile kilichobaki kipotee. Njia ya heshima ni kipande kipya cha kioo chembamba, cha milimita 1 hadi 2, kikachorwa herufi zile tu zilizothibitishwa, kikachomwa peke yake, kikawekwa nyuma ya kile cha zamani ndani ya ukanda mpana kidogo. Mtu akitazama anasoma jina zima. Mhifadhi wa kesho akikiondoa anakuta cha asili kama kilivyoachwa. Kipande kipya kiwe na mwaka wa kutengenezwa umekwaruzwa ukingoni, ili asije mtu akadhani ni cha kale.

Huenda wajukuu wakataka pia dirisha lifunikwe kwa nje na plastiki ngumu. Polikaboneti huwa ya manjano na kukwaruzika, na ikizibwa pande zote hufungia joto na unyevu palepale pa kuharibu. Kama ulinzi unahitajika, uwe wa kioo, wenye nafasi ya sentimita kadhaa, na matundu ya hewa juu na chini.

Lililobaki ni jina la bibi. Dirisha ni tamko la waliolitoa, na kumwongeza mtu ndani yake ni kuwasemesha wasichosema, hata kama anastahili. Mpeni bamba lake dogo la shaba au la mbao ukutani chini ya kizingiti: jina lake, miaka yake, uhusiano wake na wale waliotajwa juu, na maneno kamili ya maandishi ya dirisha kama mlivyoyathibitisha, mabano ya mraba yakionyesha herufi zilizojazwa. Pateni kwanza kibali cha maandishi kutoka kwa mamlaka ya kanisa lenu, kwa bamba na kwa dirisha pia. Skrubu ziwe za shaba au chuma kisichoota kutu, na ziingie kwenye maungio ya matofali au mawe, si kwenye jiwe lenyewe wala kwenye fremu ya dirisha.